Jumamosi Nne za Mkasi

Mama Vifungo alibisha hodi Jumanne asubuhi, wakati katibu anamlisha mama mkwe wake uji. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini na mkoba wake mkubwa wa vifungo na zipu begani, akasema alichokuja kusema kabla hata ya kukaribishwa kiti.

"Katibu, nimekuja kwa heri. Naomba kitabu cha mahudhurio kifunguliwe."

Katibu alimpangusa mama mkwe kidevu kwa kitambaa, taratibu, upande ule uliolegea tangu kiharusi. "Unatafuta nini ndani yake?"

"Mwezi wa saba. Mwezi wa saba nilikuja mkutanoni jino limenivimbisha shavu kama nimeficha limau. Nilikaa pale mpaka mwisho nikiugulia. Wifi yako sikumwona. Sasa ndiye mwenyekiti wangu."

"Alikushinda kwa kura ishirini na mbili kwa kumi na saba."

"Sijasahau. Nilikuwepo." Mama Vifungo aliuhamisha mkoba bega la pili. "Kura sizigombanii. Lakini katiba inasema kiongozi awe amehudhuria mikutano tisa kati ya kumi na miwili. Na inasema mwanachama ana siku kumi na nne za kuuliza. Leo ni ya kumi. Nimeuliza."

Katibu alikijaza kijiko, akakirudisha kwenye bakuli bila kukitumia. "Kitabu hufunguliwa mbele ya wanachama wote. Nitaitisha mkutano Jumamosi."

"Jumamosi inanifaa." Kisha Mama Vifungo akainama kidogo, akapaza sauti kama watu wanavyowafanyia wagonjwa. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba," alijibu mama mkwe, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Masikio yangu hayajapooza."

Ilikuwa klabu ya mafundi cherehani, wanachama arobaini na mmoja, yenye ukumbi wa kupanga wenye meza ndefu ya kukatia na mashine tatu ambazo fundi mmoja peke yake hawezi kuzinunua: ovaloki ya kushonea kingo za kitambaa, ya kudarizi, na ya matundu ya vifungo. Katibu aliandika kumbukumbu za klabu hiyo kwa mwaka wa tano. Mwandiko wake ulikuwa safi kiasi kwamba watu walimletea hata barua zao za binafsi awaandikie.

Mgonjwa aliposinzia, alikitoa kitabu kabatini, akakifungua juu ya meza ya kulia. Kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, na kila mwanachama aliweka sahihi mbele ya jina lake kwa mkono wake. Sahihi ya wifi yake ilijulikana kwa mbali. Ilipinda kama waya uliokanyagwa. Ilikuwepo mwezi wa pili, wa tatu, wa tano. Lakini mwezi wa nne, mahali pa sahihi paliandikwa neno moja, "yupo," kwa mwandiko safi. Mwezi wa saba, "yupo." Wa nane, "yupo." Wa kumi na moja, vilevile.

Katibu alilitazama neno hilo mara nne. Hakuhitaji kuuliza ni la nani.

Tangu mama mkwe alipoanguka mwezi wa tatu, hakuwa wa kuachwa peke yake. Watoto wa nyumba ile walikuwa shule ya bweni. Jumamosi za mkutano jirani mmoja, nesi mstaafu, alikuja kukaa na mgonjwa, lakini si kila mwezi, maana naye alikuwa na wajukuu. Asipokuja, wifi alisema, "Nenda wewe, katibu asipokwenda hakuna mkutano. Mimi nitakaa." Akakaa. Na katibu, akiwa ukumbini na kalamu mkononi, akaona si haki mtu aliyemfanya yeye ahudhurie aandikwe hayupo. Aliandika neno fupi, akaendelea na ajenda. Wakati huo wifi hakuwa na habari ya kugombea chochote.

Ilipofika siku ya kupitisha majina ya wagombea, katibu alihesabu alama. Zilikuwa kumi na moja.

*

Wifi yake alikuwa barazani, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akishona mashati ya sare. Mafundi walimwita Mkasi kwa sababu ya namna alivyokata kitambaa bila kuchora chaki, na wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi. Miaka sita nyuma alirudi kutoka kwenye ndoa yake na begi moja na cherehani hiyo, akapewa chumba cha nyuma katika nyumba ya mdogo wake. Kwa miaka sita muuza sabuni wa pale kona alimwita "yule aliyerudi." Siku mbili baada ya uchaguzi alimwita mwenyekiti, akamfungia sabuni kwenye karatasi mpya.

Na hakuwa mwenyekiti wa jina tu. Paa la ukumbi lilikuwa limevuja juu ya meza ya kukatia kwa misimu miwili ya mvua. Mkasi alikwenda kwa mwenye jengo siku ya nne ya uongozi wake, akakaa kwenye benchi la ofisi yake tangu asubuhi mpaka alasiri akishona vishikizo, mpaka yule bwana akachoka kumpita. Siku ya saba mabati yalibadilishwa.

"Mama Vifungo amekuja," katibu alisema.

"Nimemwona akitoka. Anatembea kama ameshinda kesi. Anataka nini?"

Katibu alivuta kigoda, akakaa karibu, akamwambia. Hakuzunguka. Alitaja miezi minne, akataja neno aliloandika, akataja hesabu ya kweli, ambayo ni saba.

Mkasi alicheka. Kisha mguu wake ukatulia kwenye kanyagio.

"Nilikuuliza," alisema. "Hapa hapa barazani. Nilisema, wifi, hivi mimi nafaa? Wewe ukaenda ndani, ukarudi, ukasema unafaa, jaza fomu."

"Nilihesabu alama. Sikuhesabu mikutano."

"Na kwa nini uliziandika hizo alama?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa kwa ajili yangu. Niliona ni kama uko."

"Ni kama niko!" Mkasi aliukata uzi kwa meno. "Unajua nilichoweza kufanya, wifi? Nilikuwa naweza kutokugombea. Hicho tu. Ningekaa zangu chumba cha nyuma na mashati yangu, hakuna mtu angenisikia. Umenipandisha ngazi, sasa unakuja kuniambia ngazi haina miguu."

Katibu hakujitetea. Alikaa pale pale kwenye kigoda mpaka mama mkwe akaita, na wote wawili wakainuka kwa pamoja, kwa mazoea, mmoja kushika mabega na mwingine kushika miguu.

*

Mume wa katibu alikuwa fundi bomba. Alirudi jua likiwa bado juu ya mapaa, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akasikiliza habari yote akiwa amesimama. Alipomaliza kusikiliza alivuta kiti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mahali panapovuja.

"Mbona jambo dogo? Dada aweke sahihi yake juu ya hayo maneno. Dakika mbili. Nani ataona?"

"Mimi," alisema mkewe.

"Wewe si mtu wa nje."

"Mimi ndiye katibu."

"Katibu, katibu! Mama watoto, hiyo kazi inakulipa nini? Wanakupa chai na kalamu. Huyu ni dada yangu. Unataka kumvua nguo mbele ya ukumbi mzima kwa ajili ya Mama Vifungo?"

"Anayevuliwa ni mimi. Mwandiko ni wangu."

"Watu hawatasema mwandiko. Watasema aliiba kiti. Na siku alipotoka kwa mumewe walisema mengi pia, mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa unasikia kwa mbali." Aligeuka. "Dada, chukua kalamu."

Mkasi alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mikono imekunjwa. Alikuja mezani. Katibu alikisogeza kitabu mbele yake, akaiweka kalamu juu, kisha akaondoa mkono wake. Baadaye alijiuliza kwa nini hakukificha. Pengine alikuwa ameshaamua kwamba kumwandikia mtu huyu mambo yake kumetosha.

Mkasi alifungua mwezi wa nne, akapita. Akafungua mwezi wa saba. Kalamu ilishuka mpaka ikakaribia karatasi.

"Hii ilikuwa ile Jumamosi ya mvua?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema katibu. "Jirani alipeleka mjukuu kliniki."

"Siku mama alipoteleza bafuni." Mkasi alisema hivyo kwa mdogo wake, si kwa wifi yake. "Wewe ulikuwa kazini kwako. Nilimwita jirani, hayupo. Niliita barabarani, mvua, hakuna anayesikia. Nikamwinua peke yangu, sakafu imejaa sabuni, yeye analia ananiambia niache, niache. Nilimbeba mpaka kitandani. Mgongo uliniuma wiki nzima, nikashona nimesimama."

Fundi bomba alikuwa akiangalia mikono yake.

"Sasa nikiweka sahihi hapa," alisema Mkasi, "nilikuwa ukumbini. Nimekaa kwenye benchi, nasikiliza ajenda. Basi mama aliinuliwa na nani?"

Kutoka chumbani sauti ya mgonjwa ilipenya, imepinda lakini inasikika: "Ni yeye. Alinitoa bafuni kama gunia."

Mkasi aliifunika kalamu. "Hiyo siku yangu siiuzi kwa uenyekiti." Akamsukumia wifi yake kitabu. "Kasome hivyo hivyo kilivyo. Lakini nitakuwepo. Sitaki kusimuliwa."

"Na mama?" fundi bomba aliuliza. "Jumamosi nani anakaa na mama?"

Wanawake wawili walimtazama. Hawakuwa wamepanga.

"Mimi?" alisema. "Nina kazi ya mabomba ya hospitali. Halafu... jamani, mama ni mwanamke. Kuna kuogesha, kuna kubadilisha nguo."

"Alikuogesha wewe miaka mingapi, na wewe ni mwanamume?" Mkasi alisema.

Katibu alikuwa akifikiria kitu ambacho kilimkera kwa jinsi kilivyokuwa wazi. Kwa miezi tisa, yeye na wifi yake walikuwa wamegawana Jumamosi moja, yule akiikosa ili huyu aipate, wakavunjiana hesabu. Na pembeni yao kulikuwa na mtu mwenye Jumamosi nzima, ambayo hakuna aliyewahi kumwomba.

"Mabomba ya hospitali yatangoja kwa saa tatu," alisema. "Nitakuonyesha jinsi ya kumgeuza. Tunaanza sasa, mama yuko macho."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Hata mafundi wasioonekana mwaka mzima walikuja, wamepiga nguo pasi. Makamu mwenyekiti, mshona suti mnene mwenye sindano kwenye ukosi wakati wote, alikalia kiti cha mbele kwa sababu Mkasi alikataa kukikalia. Yeye alikwenda benchi la mwisho.

Katibu alisimama. Alikuwa ameandika maelezo yake, lakini hakuyafungua.

"Mwanachama ameuliza kama mwenyekiti wetu ametimiza mikutano tisa. Hakutimiza. Alihudhuria saba. Kitabu kinaonyesha kumi na moja kwa sababu mimi niliandika 'yupo' mara nne wakati hayupo. Yeye hakuniomba, na hakujua. Wagombea nilipitisha mimi. Kosa ni langu."

Ukumbi ulivuma. Mtu alisema kwa sauti, "Kumbe mwandiko mzuri una kazi yake!" na watu wakacheka. Katibu aliacha wacheke. Alibaki amesimama.

"Kwa nini uliandika?" aliuliza makamu.

"Alikuwa nyumbani na mama mkwe wangu ili mimi niwe hapa."

Kicheko kilipungua. Mshona mapazia, mwanamke mwenye huruma za haraka, aliinuka. "Basi jamani, tumsamehe! Sheria si yetu wenyewe? Tunyooshe mikono sasa hivi, saba ziwe zinatosha, tuendelee na kazi. Mtu ametutengenezea paa!"

"Ndiyo!" walisema wengi, na mikono ikaanza kupanda.

Ingekuwa rahisi. Katibu aliiona mikono ile, akajua kwamba akinyamaza tu, mambo yote yatakwisha vizuri: kwake, kwa wifi yake, kwa mumewe aliyekuwa nyumbani akigeuza mgonjwa.

"Mikono chini, tafadhali," alisema. "Kifungu hubadilishwa kwa notisi ya mwezi mmoja, na kikibadilika huhesabu kuanzia hapo kwenda mbele. Hakirudi nyuma kumwokoa mtu tunayempenda. Mwakani atakuja tusiyempenda, naye atataka mikono."

"Basi Mama Vifungo apewe kiti!" mtu alipiga kelele upande wa dirishani. "Yeye ndiye wa pili!"

"Wala. Kifungu cha kumi na moja kinasema nafasi inakuwa wazi. Makamu anashikilia, uchaguzi unarudiwa baada ya wiki mbili."

Macho yalimgeukia Mama Vifungo. Alikuwa amekaa na mkoba mapajani. "Mimi sitaki kiti cha kuokota," alisema. "Nitagombea. Mkinikataa tena, nitarudi kwenye vifungo vyangu."

"Na paa?" aliuliza mshona mapazia, bado amesimama. "Aliyelishughulikia hakuwa mwenyekiti. Tulibomoe?"

Safari hii hata Mkasi alicheka, kule nyuma. Makamu akapiga meza, akasema kila alichofanya kwa niaba ya klabu ndani ya siku hizo kinabaki kuwa cha klabu, na iandikwe hivyo. Katibu akainama kuandika, kisha akasimamisha kalamu.

"Kuna jambo moja. Kitabu cha mahudhurio nisikishike tena. Kumbukumbu nitaandika mkitaka. Hicho ashike mtu mwingine."

Wengi wao walitarajia kumwambia hivyo na walikuwa wakitafuta namna. Makamu alinyoosha mkono. Katibu akampa kitabu, na ule mkono wake haukujua la kufanya kwa muda, ukarudi kwenye kalamu.

Mkasi aliinuka bila kuruhusiwa.

"Mimi nina dogo tu. Kuna waliosema mlangoni kwamba nimeiba kiti. Kiti mmekiona, kiko pale, nimekirudisha kikiwa kimenyeshewa kidogo kuliko nilivyokikuta. Nitakuja mikutano yote. Mwakani nitagombea tena. Mkitaka kunikataa, mtanikataa kwa kura."

Akaketi. Watu walipiga makofi, si wote. Mama Vifungo alipiga mawili, akaacha.

Nje, wakati watu wanatawanyika, alimfuata Mkasi mpaka kwenye ngazi.

"Nikishinda," alisema, "mwenye jengo bado hajarekebisha vyoo vya ukumbi. Mimi akinitazama juu ya miwani nasahau nilichofuata. Katiba haikatazi mwanachama wa kawaida kutumwa."

"Unataka nikusindikize?"

"Nataka ukae kwenye lile benchi lake."

Mkasi alimwangalia kuanzia viatu hadi kilemba. "Nitakuja. Lakini mkoba wako utaubeba mwenyewe."

*

Walimkuta fundi bomba amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limelowa mpaka kifuani. Mama yake alikuwa amelala kwenye shuka safi, amechanwa nywele kuelekea upande ambao hajawahi kuzichania maishani.

"Amenitia maji sikioni," mgonjwa alishtaki.

"Mara moja tu, mama."

"Mara mbili." Kisha, baada ya kupumua: "Lakini ana mikono imara. Hakuniangusha."

Fundi bomba hakuuliza mkutano ulikwendaje. Alizitazama nyuso zao, akaona ya kutosha. Aliikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena. "Hilo bafu," alisema, "ukutani panataka bomba la kushikia. Na lingine karibu na mlango. Miaka yote hii nafunga mabomba ya watu." Akaiweka taulo kando. "Mkutano unaofuata ni lini?"

"Wiki mbili," alisema mkewe. "Halafu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu muda wa kazi, akaenda kutafuta futi yake ya kupimia.

Mama Vifungo alishinda uchaguzi wa marudio. Muuza sabuni alirudi kumfungia Mkasi sabuni kwa karatasi ya gazeti, na kwa siku kadhaa hakujua amwite nani, mpaka alipoishia kumwita fundi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata ilikuwa ya mkutano wa kwanza wa mwaka mpya wa klabu. Mawifi wawili walifika mapema, wakakuta makamu amekifungua kitabu kwenye meza ya kukatia, ukurasa mweupe, chini ya paa kavu. Walikuwa wa kwanza. Mkasi alichukua kalamu, akainama, akaweka sahihi yake, imepinda kama kawaida, kisha akaipuliza wino ukauke.

"Moja," alisema. "Zimebaki nane."

Akampa wifi yake kalamu. Katibu alilitafuta jina lake kwenye orodha, akatia sahihi mbele yake, mbele ya jina lake tu.